Ngoma ya Baada ya Chakula

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Wengi wetu hulitumia neno hili kumhimiza mtu apende nyumbani kwao, basi. Lakini ukilitazama vizuri utaona kwamba linaeleza hasa namna kazi ya ngoma inavyokwenda: yuko anayecheza, pako anapocheza, na wako watu wanaomjua kiasi cha kuinuka na kumtuza. Ukiondoa kimojawapo katika hivyo vitatu, kinachobaki huenda kikawa kizuri, ila ni kitu kingine. Nataka kukizungumzia kitu hicho kingine, kwa sababu kimekwisha kutufikia huku kwetu Mkwaja na dalili zote zinaonyesha kwamba kitazidi.

Nina maana ya zile safari za makundi. Watu kumi na watano au ishirini, baadhi kutoka Dar es Salaam na Arusha na baadhi kutoka Ulaya, hukusanywa na wakala, hulipa mara moja, na kwa siku mbili tatu hupewa matembezi ya mchana, chakula cha jioni na burudani ya asili. Jina la heshima la jambo hili ni utalii wa utamaduni. Si la jana. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, lilisaidia kuanzisha mpango wa namna hiyo nchini, na pwani ya Pangani ikawa miongoni mwa sehemu za mwanzo kuingizwa. Tangu hapo nimeziona safari hizi mara nyingi, nyingine nikiwa nimealikwa mezani, nyingine nikiwa nimesimama upande wa jikoni pamoja na wapigaji. Hakuna anayezihakiki. Gazeti likiziandika huziandika kwa sifa, kwamba zinaleta fedha na kukuza utamaduni, kana kwamba utamaduni ni mche wa mnazi unaongoja maji. Mimi naona zinastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki tamthilia au kitabu: zinajaribu kufanya nini, na zinakifanya vizuri kiasi gani.

Nianze na matembezi, maana hapo kusema kweli hazina kosa kubwa. Kundi likilala mahali fulani kati ya Pangani na Mkwaja, safari ya kwanza huwa ni Maziwe. Kisiwa hiki kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, wakati kilikuwa bado na mivinje na kasa wakipanda kutaga. Miti ikaliwa na bahari, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kimebaki fungu la mchanga, ambalo leo maji yakijaa hulioni. Kwa hiyo mgeni hafiki Maziwe kwa saa anayoitaka yeye. Hufika maji yanapokupwa, na kupwa kwa leo si kupwa kwa jana, maana kila siku kunasogea karibu dakika hamsini. Tena kuna siku za bamvu na siku za maji mafu, na nahodha ndiye anayezijua. Nimewaona wageni wakiamshwa saa kumi na moja alfajiri, wakaingia mashuani na macho yamevimba kwa usingizi, bila hata mmoja kunung'unika. Wameambiwa bahari ndivyo ilivyo.

Siku ya pili huenda Saadani. Hifadhi ya Taifa ya Saadani ilitangazwa rasmi mwaka 2005, na ndani yake imo ardhi iliyokuwa Ranchi ya Mkwaja, iliyoanzishwa mwaka 1952 na kufungwa mwaka 2000. Kwa takriban nusu karne palikuwa pahali pa ng'ombe na vita na mbung'o. Leo ni pa swala, twiga na tembo. Mwongozaji mzuri hulieleza hilo, na mgeni huondoka akijua kwamba nyika anayoitazama ina historia ya watu. Pale Madete, katika ufuko wa hifadhi, kasa bado hupanda mchangani, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kasa afupishe.

Sasa jioni. Ratiba iliyobandikwa ukutani husema: saa moja na nusu chakula, saa mbili ngoma ya asili, saa mbili na nusu mapumziko. Nusu saa. Bahari imepewa heshima yake, kasa amepewa heshima yake, ngoma imepimiwa kijiko.

Pengine msomaji atauliza, ngoma ina wakati gani usioweza kufupishwa? Basi twende kwenye kazi yenyewe. Ngoma ni ngozi, na ngozi ya ufukweni usiku hunywa unyevu. Kabla ya kuanza, wapigaji huwasha moto wa makuti na kuzipasha ngoma mpaka chapuo ianze kulia kwa ukali na vumi litoe sauti inayosikika tumboni kabla ya masikioni. Hupigwa kitambo, hulegea, hurudishwa motoni. Mapumziko hayo si ya bure. Ndipo wanawake hubadilishana nyimbo, ndipo anayejua fumbo jipya hulinong'ona, ndipo wazee hukaa sawa. Pigo la pili huwa bora kuliko la kwanza, na la tatu, ambalo mara nyingi huja baada ya saa nne usiku, ndilo watu walilolifuata. Mtu aliyekulia huku anajua kwamba lile la mwanzo ni la kuita watoto.

Katika nyumba moja ya wageni, ambayo sitaitaja, moto umekatazwa kwa sababu paa zote ni za makuti. Katazo hilo lina akili. Lakini matokeo yake ni kwamba kikundi hupasha ngoma zao kijijini, huzibeba kwa bodaboda, na zinapofika zimekwisha kuanza kulegea. Wageni husikia pigo la kwanza tu, tena la ngozi iliyolala, kisha hupiga makofi kwa adabu na kwenda kulala wakiamini wamesikia selo ya Wazigua. Wamesikia watu wakijitayarisha.

Hilo ni la sauti. Liko la maneno, nalo ni kubwa zaidi. Nyimbo zetu za pwani, ziwe za ngoma au za taarabu, huimbwa mtu fulani akiwa amekaa pale. Hatajwi jina, lakini yupo, na jirani zake wanajua yupo. Ndiyo maana ya kutuza. Mwanamke huinuka kitini, huzunguka uwanja akicheza taratibu, huiinua noti mbele ya macho ya watu wote, humpa mwimbaji au humbandika kipajini, na kurudi alikoketi kwa kupitia mbele ya yule anayemkusudia. Noti ile ni sentensi. Kelly Askew, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti wake mjini Tanga katika miaka ya 1990, alilieleza vizuri jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2002, Performing the Nation: kwamba kwa kutuza watu huzungumza mambo wasiyoweza kuyatamka, wakakana, wakashtaki, wakapatana. Tanga ilikuwa mahali pazuri pa kulisoma. Ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyotia magitaa na mwendo wa dansi katika taarabu kiasi kwamba Mombasa na kwingineko wakafuata, na ni huko alikong'aria Shakila binti Said, mtoto wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016.

Nyumba ya wageni haina mtu wa kukusudiwa. Mwimbaji anatupa fumbo na fumbo linaanguka chini kama embe bichi. Mwishoni kapu hupitishwa, kila mtu anatia alichonacho, jumla inahesabiwa kwa siri na kugawanywa. Fedha hiyo inanunua unga, nami siidharau. Ila haijasema neno. Kikundi kinajifunza, maana hakuna mwalimu mkali kuliko malipo, kwamba wimbo wenye fumbo na wimbo usio na fumbo vinalipwa sawa, na kwamba kiuno kinalipwa zaidi kuliko vyote. Tumekwisha kuona njia hiyo inakofika. Baikoko ya Tanga ilitoka katika shughuli za watu wanaojuana. Ilipopandishwa jukwaani na kurekodiwa kwenye video, kilichovuka nayo kilikuwa kiuno peke yake, na katika miaka ya 2010 ikawa ya kulaumiwa na wakubwa hadi kupigwa marufuku. Waliolaumiwa ni wachezaji. Sikusikia mtu akiwalaumu watazamaji ambao hawakuwa na njia ya kuelewa kitu kingine chochote.

Chakula nacho kinasema. Wapishi wetu ni hodari, na samaki wa kupaka wa nyumba ile niliyoisema hana mwenziwe kutoka hapa hadi Bagamoyo. Lakini chakula huwekwa mezani kwa mtindo wa kujipakulia, kila mgeni na sahani yake, na wapigaji hupewa cha kwao baadaye, nyuma, karibu na ndoo za kuoshea vyombo. Kwetu shughuli hutanguliza kuwalisha waimbaji, tena sinia moja watu wanne, ili anayepiga na anayepigiwa wawe wamechanganya vidole katika wali mmoja. Aliyekula nawe hawezi kukuimbia kama kibarua, wala wewe huwezi kumtazama kama mnyama wa hifadhi. Nimewahi kumwuliza msimamizi mmoja kwa nini asipange hivyo. Jibu lake lilikuwa kwamba wageni hawatapenda. Nikamwuliza kama amewahi kuwauliza. Akanikaribisha chai.

Hapa yafaa nijihadhari, kwani ni rahisi kusema zamani kulikuwa kuzuri. Kuunganisha safari, karamu na ngoma si uvumbuzi wa mawakala. Ni mtindo wa pwani hii tangu hapo. Beni ilipozuka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuteremka Tanga na Dar es Salaam, vyama vyake viwili mashuhuri huku, Marini na Arinoti, vilikuwa na sare, vyeo vya kijeshi, wafalme na majenerali wa kujipachika, na kila kimoja kilijitahidi kukishinda kingine kwa mapigo na kwa idadi ya ng'ombe waliochinjwa. Terence Ranger aliandika historia yao mwaka 1975. Watu walifilisika kwa beni. Hali kadhalika Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995, Feasts and Riot, anaonyesha kwamba katika Pangani ya kabla ya vita vya Abushiri vya mwaka 1888, karamu na ngoma ndivyo vilivyokuwa uwanja wa kugombania nani ni mwenye mji: tajiri alilazimika kulisha, mtumwa na mtu wa bara alidai nafasi yake kwa kucheza palipokatazwa, na mara nyingine fimbo zilitembea. Hakukuwa na utulivu. Wala hakukuwa na mtazamaji asiyehusika. Mgeni aliyekula karamu ya watu aliondoka na deni la kuwaalika, na asiyelilipa aliimbwa.

Tofauti ya leo, kwa maoni yangu, ni hilo deni. Mgeni wa wakala amelipa kabla hajafika, na aliyelipa kabla hadaiwi.

Mtu atasema: basi ni lazima iwe hivyo, wageni ni wageni. La hasha. Nina mifano miwili ya karibu, yote ng'ambo ya maji, Unguja. Kila Julai watu wa Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa magogo ya migomba, banda la makuti huchomwa moto, wanawake huimba wakiwa wamevaa walichoshona kwa ajili ya siku hiyo, kisha watu hula na ngoma hupigwa. Mabasi ya wageni hutoka mjini kwenda kutazama. Wanapiga picha nyingi mno, wengine wanasimama njiani, hilo kweli. Lakini hebu jiulize swali moja: wageni wasingefika, siku ile ingefanyika? Ingefanyika. Migomba ingevunjwa na banda lingewaka. Mgeni ameingia katika jambo lisilomhitaji, na kwa hiyo analazimika kulifuata kwa mwendo wake. Swali hilo nimelifanya kipimo changu, na nyingi katika jioni za ufukweni kwetu haziwezi kulijibu.

Mfano wa pili ni wa namna nyingine kabisa. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 katika Ngome Kongwe, halidai kuwa ngoma ya nyumbani kwa mtu. Ni jukwaa, lina tiketi, na wasanii hutoka Afrika nzima. Lakini ndani ya madai yake ni la kweli. Muziki hupigwa moja kwa moja bila kanda, msanii hupewa muda wa kupasha, na mtu akiona njaa anavuka barabara hadi Forodhani na kula urojo pamoja na wenye mji. Hata udhaifu wake ulikuwa wa wazi: mwaka 2016 fedha hazikupatikana, tamasha halikufanyika, likarudi mwaka uliofuata. Naliheshimu kuliko jioni nyingi zinazojiita za asili. (Kwa upande wa bara, wanaokumbuka Dar es Salaam ya miaka ya 1990 watakumbuka pia Muungano Cultural Troupe na TOT, waliochanganya taarabu, maigizo, sarakasi na ngoma katika kumbi za vinywaji, watu wakila kuku na kuzomeana. Usiku ule ulikuwa na vipande vingi, lakini kila aliyekaa pale alikuwa na upande wake.)

Na tusisahau kwamba Mkwaja wenyewe husafiri. Kinamama wa upatu huchanga miezi kadhaa, hununua kanga za sare, hukodi gari, na kwenda kwenye harusi au maulidi Kipumbwi, Pangani au hata Tanga mjini. Wanaimba kutoka kituo cha kwanza. Kwenye kivuko cha Mto Pangani hushuka na kucheza wakingoja zamu, na abiria wengine huacha mizigo wakatazame. Wakifika hulishwa, hucheza, hutuza, hutuzwa, na hurudi alfajiri wakiwa na hesabu ya nani amewazidi na lini watamrudishia. Hiyo ndiyo safari ya kundi yenye burudani, chakula na matembezi, na imekamilika kuliko yoyote niliyoiona ikitangazwa kwenye karatasi ya rangi. Nina lawama yangu juu yao pia: siku hizi maspika ya kukodi yenye rusha roho yamechukua nafasi ya wapigaji, hata mwimbaji hana wa kumpokea, na noti hutupwa kwa kijana anayebonyeza kompyuta. Mbaya si wageni peke yao.

Mwaka mmoja mvua za masika zililikwamisha kundi la wageni hapa kijijini, gari likiwa limezama katika tope jeusi kusini ya Mkwaja. Usiku huo kulikuwa na harusi. Wakapewa mikeka, wakapewa sinia, wakakaa. Hakuna aliyewaeleza lolote, maana hakukuwa na mwenye nafasi. Yapata saa tano, mama mmoja wa kizungu, kwa kusukumwa na binti aliyeketi karibu naye, aliinuka na noti ya elfu kumi akamtuza mwimbaji. Uwanja mzima ulilipuka kwa vicheko na vigelegele, kwa sababu bila kujua alikuwa amemtuza katika beti ya kuwasema wakwe, tena kwa upande wa bibi harusi. Toka hapo upande wa bwana harusi haukumwachia. Waliimba juu yake hadi karibu na saa nane, naye, akiambiwa kidogo kidogo na binti yule, aliinuka tena mara mbili kujibu. Katika miaka yote hii ni mgeni wa pekee niliyemwona akihudhuria ngoma Mkwaja.

Siombi kila kundi likwame katika tope. Naomba mambo machache ambayo hayana gharama. Wageni waje kijijini badala ya ngoma kubebwa kwenda kwao. Wale sinia moja na wapigaji. Moto uwashwe. Kama kikundi kina sherehe yake wiki ile, ratiba ifuate sherehe, kama inavyofuata maji ya Maziwe, na kama hakina, basi jioni ile iitwe maonyesho na ilipwe kama maonyesho, bila kumdanganya mtu kwamba ameona maisha ya Mkwaja. Na anayetuza atuze kwa mkono wake.

Nina haraka kidogo, kwa sababu ya barabara. Njia mpya ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, yenye daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, itafanya Mkwaja pawe pahali pa kupitia. Hatukosi kuitaka, tumezika watu waliokufa wakingoja kivuko. Lakini mawakala nao wanaihesabu. Basi likitoka Tanga asubuhi na kurudi jioni hiyo hiyo, hakuna haja ya mtu kulala, na usiku utakuwa umefutwa katika ratiba pamoja na ile nusu saa yake. Ngoma itapigwa saa nane mchana, baada ya chakula, dereva akiangalia saa. Faida moja naiona: kwa jua la saa nane, angalau ngozi zitakuwa zimekauka.